Fausto Coppi, Bingwa wa Baisikeli

Fausto Coppi alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Castellania, Italia, na wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mvulana aliajiriwa na mwuza nyama wa mji wa Novi Ligure, akawa akiwapelekea watu nyama kwa baisikeli. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alishinda mbio kubwa za kuizunguka Italia. Mwaka 1943 Waingereza walimteka vitani huko Tunisia. Vita vilipokwisha alirudia baisikeli yake, na mwaka 1949 na 1952 akashinda mbio za kuizunguka Ufaransa.

Desemba 1959 alikwenda Volta ya Juu, nchi iitwayo Burkina Faso tangu 1984, kushindana mjini Ouagadougou na kuwinda. Huko mbu walimwuma. Aliporudi kwao alishikwa na homa kali. Mwenzake wa safari, Raphaël Géminiani, aliugua vilevile. Ikajulikana kuwa ni malaria, akapewa kwinini, akapona. Lakini madaktari wa Coppi hawakuutambua ugonjwa wake, naye akafa tarehe 2 Januari 1960.

Milima ya Alps haikumshinda, mbu alimshinda. Basi, ndugu zangu, tusidharau chandarua.