Jack Barry na maswali yaliyojibiwa kabla ya kuulizwa

Wiki hii nawaandikia nikiwa Kitui. Ukitoka Mombasa unaiacha barabara kuu pale Kibwezi, unapita Ikutha na Mutomo, mibuyu huku na mawe makubwa kule, hadi uingie mjini. Nimekuja kwa shughuli zangu, lakini kila nikifika huku hunirudia kisa kimoja cha miaka mingi iliyopita, na kisa hicho hunikumbusha mtu ambaye wengi wetu wa Pwani hatumjui. Jina lake ni Jack Barry.

Kwanza kisa chenyewe. Niliwahi kuitwa hapa kuendesha chemsha bongo ya shule za msingi. Mwaka uliotangulia watoto walikuwa wamekaa kimya, swali baada ya swali, na mfadhili aliyetoa vitabu aliondoka amenuna. Basi usiku wa kuamkia shindano, mzee mmoja wa kamati alinijia nilipofikia. Tulikunywa chai. Akaniomba kwa upole nimpe karatasi ya maswali, awapitishie walimu waiangalie kidogo. Hakuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Aliogopa tu aibu ya mwaka jana isirudi. Nilisita, kisha nikampa.

Sasa nimwelezee Barry.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1918 katika mji mdogo wa Lindenhurst, kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la ukoo lilikuwa Barasch. Aliingia kwenye utangazaji wa redio akiwa kijana, na huko alikutana na Dan Enright, wakawa pete na kidole. Mwaka 1946 walianzisha kipindi cha redio cha Juvenile Jury, ambacho watoto waliketi kama wazee wa baraza na kutoa hukumu juu ya matatizo ya watoto wenzao. Kikapendwa sana. Baada yake kikaja cha wazee wa miaka themanini na zaidi, nao wakizungumzia mambo ya dunia.

Televisheni ilipoenea, Barry alihamia huko. Mwaka 1953 alianza kuendesha kipindi cha watoto kiitwacho Winky Dink and You. Mtoto nyumbani alibandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha televisheni, na kikatuni kilipofika mtoni bila daraja, mtoto alichukua kalamu akakichorea daraja kivuke. Leo tunastaajabia simu za kugusa kwa kidole, na huyu bwana alikuwa amewashirikisha watoto kwenye kioo miaka sabini iliyopita. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi.

Mtihani wake ulikuja tarehe 12 Septemba 1956. Usiku huo ndipo kipindi cha Twenty-One kilipoanza katika stesheni ya NBC. Washindani wawili waliingia kila mmoja katika kibanda chake cha kioo, wamevaa vya kusikilizia masikioni, hawaonani wala hawasikiani. Barry alisimama katikati na kadi zake. Mshindani alichagua swali la pointi moja hadi kumi na moja, kadiri lilivyo gumu, na aliyefika ishirini na moja kwanza ndiye mshindi.

Usiku wa kwanza mambo yalikwenda mrama. Washindani walikosa swali baada ya swali, kipindi kikapooza. Mdhamini, wenye kuuza dawa ya kuongeza damu ya Geritol, alikasirika na akasema wazi kwamba hataki kuona jambo kama lile tena. Enright alielewa. Tangu hapo washindani walifundishwa majibu kabla ya kipindi, na si majibu tu. Walifundishwa pia wapi pa kunyamaza, wapi pa kuuma mdomo na wapi pa kujifuta jasho. Hata kiyoyozi cha kibandani kilizimwa ili jasho litoke kweli. Enright na wasaidizi wake ndio waliofanya kazi hiyo ya nyuma ya pazia. Barry, aliyekuwa akiuliza maswali mbele ya taifa zima kama mtu asiyejua kitu, alijua.

Herbert Stempel, mwanafunzi kutoka Queens, alishinda wiki kadhaa. Kisha wakubwa wakaona watazamaji wamemchoka. Tarehe 5 Desemba 1956 aliamriwa akosee swali kuhusu filamu iliyopata tuzo ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda na kuijua vizuri. Alitaja nyingine. Mahali pake akakaa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana wa sura nzuri na ukoo wa waandishi mashuhuri. Huyu alivuna dola 129,000, picha yake ikatoka mbele ya jarida la Time, na wazazi Marekani nzima wakawa wanamtolea mfano kwa watoto wao.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Stempel alisema, na mwanzoni wakamwona ana kijicho. Agosti 1958 kipindi kingine, Dotto, kiliondolewa hewani baada ya mshindani mmoja kukuta daftari la mwenzake lenye majibu. Akajitokeza na msanii James Snodgrass. Huyu alipopewa majibu ya Twenty-One aliyaandika, akajitumia mwenyewe kwa barua ya rejista kabla ya kipindi, na bahasha akaziacha bila kufunguliwa. Zilipofunguliwa mbele ya wachunguzi, mihuri ya posta ilitoa ushahidi. Barry alikuwa amesimama hewani kukanusha, akitegemea imani ya watu kwake. Oktoba 1958 kipindi kilifungwa. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Ajabu ni kwamba kupanga matokeo ya chemsha bongo hakukuwa kosa la jinai wakati huo. Walioshtakiwa walishtakiwa kwa kudanganya chini ya kiapo. Sheria ya kukataza hila hiyo ilikuja mwaka 1960.

Barry alipoteza kazi na jina. Zaidi ya miaka kumi hakuna stesheni kubwa iliyomtaka kuwa mwendeshaji wa kudumu wa kipindi kipya. Alihangaika Florida, Canada na hatimaye California. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1969, na mwaka 1972 akarudi kwa kishindo na The Joker's Wild katika CBS. Kwa miaka yake ya mwisho alikuwa tena mtu wa kupendwa, na alikuja kukiri waziwazi sehemu yake katika ile hila. Alifariki tarehe 2 Mei 1984 mjini New York, baada ya kuugua ghafla alipotoka kukimbia mazoezi. Alikuwa na miaka 66. Filamu ya Quiz Show ya mwaka 1994 ilipokumbusha dunia habari zake, yeye hakuwepo tena kujitetea.

Sisi tunajua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, juu kavu, chini mbichi. Alimwuliza mwenye mali kwa nini asiuweke ule umajimaji juu watu wauone, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kipindi cha Barry kilikuwa rundo hilo. Na tusicheke Marekani. Mwaka 2015 hapa kwetu matokeo ya KCSE ya maelfu ya watahiniwa yalifutwa kwa udanganyifu, na gredi za A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata mitihani ilipofungiwa kwa kufuli kwelikweli, A zikawa 141. Nchi nzima ilikuwa inajifuta jasho la kuigiza ndani ya kibanda cha kioo. Na kila msimu wa mitihani bado tunasikia wazazi, wakiwemo wa Pwani, wakichanga pesa za kununua karatasi na kuandika mwakenya, halafu wanawapeleka watoto hao hao chuoni wakafunzwe amana.

Nirudi Kitui. Siku ile watoto walijibu kama maji yatiririkavyo. Mfadhili alifurahi, akaahidi vitabu zaidi. Ukumbi ulipiga makofi. Ila kulikuwa na shule moja iliyotoka mbali, upande wa Mutomo, gari likachelewa, na mwalimu wao hakuipata ile karatasi. Walikuwa wa mwisho. Watu walipokuwa wakitoka, msichana mmoja wa shule hiyo alinijia na daftari lake. Hakulalamika. Alitaka tu kujua maswali yale yametoka kitabu gani, ili akakisome.

Mimi niliyeuliza maswali asubuhi nzima sikuwa na jibu. Nilitaja kitabu cha uongo.

Toba ina masharti yake, na mojawapo ni kumrudishia mtu haki yake. Jina la msichana yule sikulichukua. Ninachoweza ni hiki: mwaka huu kamati imeniita tena, na nimekubali kwa sharti kwamba maswali yatabaki mfukoni mwangu, ndani ya bahasha iliyofungwa, hadi watoto wakae. Wakinyamaza, na wanyamaze. Mfadhili akinuna, nitamweleza mimi mwenyewe kwamba vitabu huletwa kwa ajili ya wale wasiojua.