Matthew Lukwiya, daktari wa Lacor



Ndugu zangu, wengi mtashangaa kuona jina hili katika ukurasa wa wasifu. Tumezoea kusoma hapa habari za watu kama Az-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki yapata mwaka 1013 baada ya kuuachia ulimwengu nyuzi za utumbo wa mnyama za kushonea vidonda, pamoja na michoro ya vyombo vya upasuaji inayokaribia 200. Nilipoombwa kuandika kuhusu tiba ya majeraha na vifaa vya kujikinga, jina la kwanza kunijia lilikuwa hilo. Lakini mimi ni mtoto wa Bwera, nimesomea uuguzi, na nimefanya mazoezi ya kazi katika bonde la Kilembe. Kila ninapovaa glavu simkumbuki Az-Zahrawi. Namkumbuka Mwacholi mmoja, Mkristo, aliyefariki Gulu tarehe 5 Desemba 2000, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mhariri alinihoji kidogo, kisha akakubali.

Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1957. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki na alikufa maji Matthew akiwa bado mtoto. Mama alibaki na watoto na biashara ndogondogo. Kwetu Mpondwe tunawajua kina mama wa namna hiyo, wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni wakiwa na karo ya mtoto mmoja mkononi. Matthew alikuwa na akili nyingi darasani. Alisoma kwa misaada ya masomo hadi akaingia Makerere kusomea udaktari, na mwaka 1983 akapelekwa kufanya mazoezi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu.

Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari mwaka 1959, na tangu 1961 iliendeshwa na mume na mke, Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Baada ya miezi michache tu wawili hao walimwona kijana huyu wakajua kwamba siku moja ndiye atakayewarithi. Yaliyompata Lucille nayasimulia kwa sababu yanahusu mada yetu moja kwa moja. Wakati wa vita alipasua majeruhi mchana na usiku. Mifupa iliyovunjwa na risasi ina ncha kali; glavu ya mpira hupasuka na mkono ulio ndani hukatwa. Hivyo ndivyo alivyoambukizwa virusi vya UKIMWI. Aliendelea kufanya kazi miaka mingi akijua ana ugonjwa huo, akafariki mwaka 1996. Kwa hiyo Matthew alijifunza mapema, kutoka kwa mwalimu wake mwenyewe, kwamba glavu inaweza kukuangusha.

Kaskazini nzima ilikuwa vitani. Siku za Pasaka mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini kuchukua mateka, wakiwataka watawa waliokuwa wauguzi. Matthew akawaambia wamchukue yeye, nao wakamchukua. Alitembezwa msituni kwa muda wa wiki moja hivi akiwa bado na koti lake la udaktari, kisha wakamwachia. Miaka iliyofuata alifungua uwanja wa hospitali usiku ili raia waliokimbia vijiji walale ndani ya uzio. Walikuja kwa maelfu. Hapo katikati alikwenda Liverpool kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto, akafaulu vizuri sana, akarudi Gulu.

Mwezi Oktoba 2000 alikuwa Kampala, amerudi darasani Makerere kusomea afya ya jamii, mke na watoto wakiwa karibu naye. Simu ikapigwa kutoka Lacor. Kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wamekufa. Alisafiri mara moja. Usiku wa kwanza aliupitisha akisoma mafaili ya waliokufa na kuwatazama waliokuwa bado hai: homa, kutapika, kuharisha, wengine wakitoka damu. Akafungua kitabu cha mwongozo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kinachoeleza namna ya kuzuia homa za kutoka damu katika hospitali za Kiafrika.

Nimewahi kuusoma mwongozo huo. Ulitolewa mwaka 1998, na uliandikwa kwa ajili ya hospitali isiyo na kitu. Unafundisha kushona aproni kutokana na karatasi za plastiki. Unaeleza mifuko ya plastiki inavyoweza kuvaliwa mikononi pale glavu zinapokosekana. Unaonyesha jinsi ya kuchanganya dawa ya klorini, ile tunayoiita jiki: sehemu 1 kwa 10 za mchanganyiko kwa ajili ya damu iliyomwagika, matapishi na maiti; kisha hiyohiyo ichanganywe tena kwa 10, iwe 1 kwa 100, kwa ajili ya kunawa mikono iliyovaa glavu, vyombo na nguo. Ndoo mbili, kila moja na alama yake, na ole wako uzichanganye. Unaeleza pia mpangilio wa kuvaa, na hasa wa kuvua, maana wahudumu wengi huambukizwa wanapovua wakiwa wamechoka: glavu za juu, aproni, buti, koti, miwani, barakoa, na glavu za ndani mwisho kabisa, kisha kunawa.

Majibu ya maabara yalikuja kutoka Afrika Kusini katikati ya Oktoba: ni Ebola. Lakini Matthew hakuwa amengoja. Siku kadhaa kabla ya hapo alikwisha kutenga wodi, akawapigia simu wakubwa wa wizara Kampala, na akaomba wauguzi watakaojitolea kuingia humo. Aliingia nao, akiwakagua mmoja mmoja kabla hawajaanza zamu.

Hapa niseme neno kuhusu uvumbuzi, kwa sababu watu hudhani mvumbuzi ni yule tu anayetengeneza kitu kipya. Glavu za mpira za hospitali zilianza Marekani karibu na mwaka 1890, pale daktari Halsted alipoagiza zile nyembamba kutoka kampuni ya Goodyear ili dawa ya kusafishia isiendelee kuchubua mikono ya muuguzi wake. Barakoa ya pamba na gozi ilienezwa na Wu Lien-teh, daktari mzaliwa wa Penang, wakati wa tauni ya Manchuria mwaka 1910 na 1911. Na hapahapa Uganda, mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, na akafunga kidonda kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome. Jina la mganga huyo halikuandikwa popote, jambo linaloniudhi kila ninaposoma habari hiyo. Matthew hakuvumbua glavu wala barakoa. Alichokifanya ni kuchukua vitu vilivyokwisha kuwapo, vikiwa haba, na kuvigeuza kuwa utaratibu ambao hospitali ya kijijini katikati ya vita iliweza kuufuata. Mimi nauhesabu huo kuwa uvumbuzi. Asiyekubali aniandikie.

Pamoja na hayo wahudumu walikufa. Mwishoni mwa Novemba vifo viliwafuata wauguzi kwa kasi, na wafanyakazi wakakusanyika wakitaka kujua kama hospitali itafungwa. Walikuwa na haki. Matthew alizungumza nao kwa saa nyingi. Aliwaeleza kwamba hospitali ikifungwa yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena, na kwamba hatamlazimisha mtu kubaki. Hatimaye walibaki.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka Abu Ubayda ibn al-Jarrah, radhi za Allah ziwe juu yake, katika tauni ya Amwas. Umar alirudi njiani kutoka Sargh, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia mahali penye tauni, na pia alikataza kutoka humo kwa kuikimbia. Abu Ubayda alikuwa tayari ndani. Alibaki na watu wake, akafa huko. Tunaisoma hadithi hiyo tukidhani ni mambo ya Sham ya kale.

Usiku mmoja karibu na tarehe 20 Novemba, muuguzi mwanamume aliyekuwa mgonjwa katika wodi ya Ebola alizidiwa. Alikuwa akikohoa damu na kuhangaika, na wa zamu hawakuweza kummudu. Wakamwamsha Matthew nyumbani kwake. Alivaa barakoa, kofia, koti, aproni, glavu jozi mbili. Inasimuliwa kwamba hakuvaa miwani ya kukinga macho. Akaingia, akamsaidia mgonjwa, akasafisha. Mgonjwa yule alifariki. Siku chache baadaye Matthew alipata homa iliyofanana na mafua. Akaingizwa katika wodi aliyoipanga mwenyewe, akahudumiwa na watu aliowafundisha mwenyewe, akafariki saa za usiku tarehe 5 Desemba akiwa na umri wa miaka 43.

Alizikwa siku hiyohiyo katika uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille, na kikosi kilichovaa mavazi ya kujikinga.  Sisi ambao kuosha maiti ni haki ya marehemu juu yetu, hapa pana jambo la kutafakari. Mwongozo ule unasema maiti ya Ebola haioshwi kabisa, hunyunyiziwa klorini na kufungwa ndani ya mfuko, kwa kuwa ndipo virusi vinapokuwa vingi kuliko wakati wowote. Fiqhi inayo mlango wake kwa hali ya dharura, na masheikh wetu wanaujua. Afadhali suala hilo lizungumzwe msikitini kabla ya msiba, maana siku ya msiba hakuna anayesikiliza.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha Februari 2001. Watu 425 waliugua, 224 wakafa.

Kisha ukaja upande wetu. Mwaka 2007 ulizuka Bundibugyo, nyuma ya milima yetu, aina mpya ya virusi iliyopewa jina la wilaya hiyo, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo daktari Jonah Kule. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 alivuka na familia yake kutoka Kongo walikokuwa wamezika babu yao. Alipelekwa Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha Ebola cha Hospitali ya Bwera, akafariki tarehe 11. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao walikufa. Mimi nilikuwa shule ya sekondari. Nakumbuka ndoo za klorini mlangoni mwa msikiti, na wazee waliokatazwa kupeana mikono baada ya swala wakibaki wamesimama wasijue mikono waiweke wapi. Lakini safari hii wahudumu walikuwa wamechanjwa, mavazi yalikuwa stoo tayari, na hakuna hata muuguzi mmoja wa Bwera aliyeambukizwa. Ugonjwa haukuenea Kasese.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Saa nane usiku aliletwa kijana wa bodaboda, paja limechanika, damu ikiruka. Boksi la glavu lilikuwa tupu tangu siku mbili. Mwenzangu aliutia mkono mtupu kwenye kidonda na kukandamiza. Mimi nilikimbilia mkoba wangu, nilikokuwa na jozi moja niliyoinunua kwa pesa yangu, nikaanza kuivaa, na vidole vikagoma kuingia kwa sababu mikono ilikuwa na jasho. Ndugu wa mgonjwa alikuwa akinitazama. Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilimpokea mwenzangu kidonda, tukafunga kwa bandeji na kipande cha shuka, na gari likampeleka Kasese. Kijana alipona.

Mwenzangu alikuwa na mchubuko kidoleni. Alimeza dawa za kuzuia VVU kwa siku 28, nami nilikuwa namwona kila asubuhi jinsi zilivyokuwa zikimtapisha. Hakuniambia neno kuhusu zile sekunde, nami sikumwambia kitu kuhusu mkono wake. Alipopimwa mara ya mwisho alikuwa salama, alhamdulillah. Siku hizi mkobani natembea na jozi nne, zote saizi ya saba na nusu, ambayo ndiyo saizi yake.