Denis Papin na Chungu Kilichofungwa

Mji wetu wa Arua uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii 96 hivi, wala hayangoji 100. Ndiyo sababu maharagwe hukaa motoni hapa kuliko Mombasa. Mtu aliyepata dawa ya jambo hilo alikuwa Mfaransa, Bwana Denis Papin. Nimependa kuwaelezeni habari zake kwa kuwa zinaihusu pia mitungi ya upepo ninayoiona kwa mafundi wa kuziba pancha.

Papin alizaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois. Alisomea udaktari, lakini mitambo ilimvutia kuliko wagonjwa. Alimsaidia Christiaan Huygens huko Paris, kisha mwaka 1675 akavuka bahari kwenda London, akafanya kazi na Robert Boyle. Mwaka 1679 akawaonyesha wataalamu wa Royal Society chungu chake kizito, kifuniko kimekazwa kwa skurubu hata mvuke usipate njia. Mvuke ukifungwa hivyo, maji hupata moto kupita kiasi chake cha kawaida, na hata mifupa hulainika. Mwaka 1682 wataalamu wale walikula chakula kilichopikwa humo.

Lakini mvuke usio na pa kutokea hukipasua chungu. Basi Papin alitoboa tundu dogo, akaliziba kwa kizibo, na juu yake akalaza wenzo wenye jiwe la mizani. Mvuke ukizidi uzito ule, kizibo huinuka na mvuke hutoka. Jiwe likisogezwa mbali, mvuke huhitaji nguvu zaidi. Hiyo ndiyo vali ya usalama.

Wako wanaodhani kwamba mtungi wowote wa zamani ukitiwa vali umekuwa salama. Sivyo. Vali huujua upepo, haikijui chuma. Jiwe lake huwekwa na mtu anayejua chombo chake kinaweza kubeba nini. Tuseme mtungi una upana wa sentimeta 30, na upepo wa kilo 7 kwa kila sentimeta ya mraba. Katika kila sentimeta moja ya urefu wake, pande mbili zinasukumwa ziachane kwa kilo 210, yaani kila upande hubeba kilo 105. Chuma kizima cha milimeta 3 hakioni taabu. Kutu ikikila hadi milimeta 1, mzigo ni uleule, na chuma kilichobaki ni theluthi. Tena kutu hiyo hukaa ndani, chini, maji yanapojikusanya; rangi mpya ya nje haikuambii kitu, wala mlio wa nyundo hautoshi.

Mafundi wenye ujuzi huupima kwanza unene wa chuma na kutazama ndani na penye maungio. Kisha huujaza mtungi maji hata hewa isibaki, wakayasukuma kwa pampu kupita kiasi cha kazi. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo mtungi ukipasuka nguvu yake huisha mara moja. Ukijaribiwa kwa upepo, vipande huruka kama risasi. Mtungi wa kuokotwa, usiojulikana ulikotoka, kwa maoni yangu ni wa kuuzwa chuma chakavu tu.

Papin mwenyewe hakupata raha. Alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta uhuru wa watu wa dini hiyo, hata asiweze kurudi kwao. Mwaka 1687 akawa profesa huko Marburg, Ujerumani, na mwaka 1690 akaandika jinsi mvuke unavyoweza kuinua pistoni katika silinda. Mwaka 1707 alisafiri mtoni kutoka Kassel kwa mashua yenye magurudumu ya kupiga maji. Wenye mashua wa Münden wakaivunja. Akarudi London bila mali, akazikwa huko mwezi Agosti 1713. Miaka ya 1880 meli za Emin Pasha zilikuwa zikitia nanga Wadelai, kwenye Nile yetu, zikienda kwa mvuke.