John Boyd Orr: Mskoti aliyepima chakula cha Mkikuyu na Mmaasai

KABLA ya wataalamu wa lishe kuwavisha akina mama wa mashariki mwa Uganda kamera ndogo za kunasa kila walacho, kazi hiyo ilifanywa kwa mizani, kalamu na daftari. Miongoni mwa waliotangulia kuifanya hapa Kenya ni Mskoti John Boyd Orr.

Alizaliwa Septemba 23, 1880 katika kijiji cha Kilmaurs. Baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alifundisha kwa muda mfupi katika mtaa wa kimaskini mjini humo. Watoto waliingia darasani na njaa, naye akaona haifai kitu kumfundisha asiyekula. Akaacha ualimu, akarudi chuoni kusomea udaktari. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitunukiwa nishani za ushujaa, kisha akaongoza taasisi ya Rowett, Aberdeen, iliyochunguza lishe ya mifugo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, akishirikiana na Dkt John Gilks, mkuu wa huduma za tiba katika serikali ya kikoloni, aliongoza uchunguzi wa Wakikuyu na Wamaasai. Ripoti yao ilitoka mwaka 1931. Mwanamume wa Kimaasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na pauni 23 za uzani, na nguvu za misuli yake zilizidi kwa nusu. Mkikuyu, aliyetegemea nafaka na viazi vitamu, alisumbuliwa zaidi na meno mabovu, upungufu wa damu na magonjwa ya mapafu.

Hapa inafaa tusite kidogo. Serikali hiyo ilihitaji vibarua wenye afya, na ripoti ililaumu chakula pasipo kuuliza kwa dhati mashamba ya Wakikuyu yalikwenda wapi. Wanahistoria waliozirejelea takwimu hizo baadaye walibaini pia kwamba tofauti baina ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo mno, kwani mwanamke wa Kikuyu alikula mboga za majani ambazo mumewe hakuzijali. Hilo halikupewa uzito uliostahili.

Kwao Scotland, Orr alionyesha mwaka 1927 kwamba watoto wa shule waliopewa maziwa hukua vyema zaidi. (Msomaji aliyekunywa maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979, ataielewa hoja hiyo mara moja.) Kitabu chake cha mwaka 1936 kiliiaibisha Uingereza kwa kudai kwamba nusu ya raia wake hawakumudu chakula cha kutosheleza afya.

Mwaka 1945 alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Alipendekeza bodi ya kugawa chakula duniani. Marekani na Uingereza zikaikataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki Juni 25, 1971, akiwa na miaka 90.

Swali lake halikuzikwa naye. Kati ya 1984 na 1986, watafiti wakiwemo Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Dkt Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California walipima vyakula vya familia za Embu, mwaka wa ukame mkali ukiwemo. Waligundua kwamba nyama na maziwa vilikuwa adimu. Mwaka 1998 wakarudi na jaribio katika shule 12 za Kyeni: baadhi ya watoto walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa kitu. Waliokula nyama waliwashinda wenzao katika mitihani ya kufikiri. Mradi ulipokwisha, kila familia ya kundi lile la nne ilipewa mbuzi.