Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars

Karibu na mji mkubwa wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Dardilly. Huko, tarehe 8 Mei 1786, alizaliwa mtoto mwanamume, naye akabatizwa siku ile ile kwa jina la Yohane Maria. Baba yake, Matthieu Vianney, alikuwa mkulima mwenye shamba la kuwalisha watoto wake sita, wala hakuwa tajiri. Lakini nyumba yao ilijulikana na maskini wote wapitao njia ile, kwa kuwa hakuna aliyebisha hodi jioni akakosa chakula na mahali pa kulala.

Yohane alipokuwa na umri wa miaka mitatu, watu wa Ufaransa waliinuka juu ya mfalme wao, na baada ya muda si mrefu serikali mpya ikaanza kulisonga Kanisa. Mapadre walitakiwa waape kuifuata sheria mpya iliyowatenga na Papa. Waliokataa walifukuzwa, na wengine waliuawa. Makanisa yalifungwa na kengele zikanyamaza. Mwaka 1793 serikali iligeuza hata hesabu ya siku: juma la siku saba likaondolewa, likawekwa juma la siku kumi, ili watu waisahau Dominika. Noeli na Pasaka zikapita mashambani kama siku nyingine za kazi.

Lakini jamaa ya Vianney hawakusahau. Usiku walikwenda kimya kimya, kwa njia za porini, hata nyumba au ghala ambamo padre aliyejificha alisoma Misa. Padre yule akikamatwa, atakatwa kichwa. Nao waliomficha walijua hatari yao wenyewe. Yohane alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 katika kijiji cha Écully, chumbani, madirisha yamefungwa. Nje ya madirisha watu wazima waliweka magari yaliyojaa majani makavu, wakajifanya wanashusha mizigo, ili mwanga wa mishumaa usionekane njiani. Mambo hayo mtoto huyo hakuyasahau maisha yake yote. Watu walikuwa wamehatirisha roho zao ili wapate Misa ya siku moja.

Hata Pasaka ya mwaka 1802 ilipofika, Kanisa na serikali walikuwa wamekwisha patana, na kengele zikalia tena. Yohane alikuwa sasa kijana wa shamba, mwenye mikono migumu, akitamani sana upadre. Baba yake alikataa kwa muda mrefu, maana kazi ilikuwa nyingi na fedha chache. Mwishowe alikubali, na kijana akaenda Écully kusoma kwa Padre Balley, mtu mwema mwenye elimu, aliyekuwa mmoja wa wale waliokataa kiapo.

Hapo shida zikaanza. Yohane alikuwa na miaka ishirini, naye aliketi pamoja na wavulana wadogo kujifunza Kilatini. Alichojifunza jioni kilikuwa kimempotea asubuhi. Siku moja mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Mathias Loras, mvulana mwenye akili nyingi, alichoka kumsaidia, akampiga mbele ya wote. Yohane alikuwa na nguvu za kumwinua mtoto yule kwa mkono mmoja. Badala yake alipiga magoti mbele yake akaomba radhi kwa uzito wake wa kuelewa. Mathias akalia, akamkumbatia. Mvulana huyo baadaye akawa Askofu wa Dubuque katika Marekani, wala hakulisahau jambo lile.

Mwaka 1809 Yohane aliitwa katika jeshi la Napoleon, lililokuwa likipigana katika Uhispania. Aliugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, kisha akafichwa katika kijiji cha milimani, Les Noës, akawafundisha watoto wa huko kusoma, mpaka waliokimbia jeshi walipopewa msamaha. Aliporudi aliingia seminari ya Lyon. Masomo yote yalikuwa kwa Kilatini, naye alipoulizwa maswali alinyamaza, hajui aseme nini. Walimu wakamrudisha nyumbani. Pengine Padre Balley peke yake ndiye ambaye hakukata tamaa. Akamfundisha tena, sasa kwa Kifaransa, akamwombea kwa wakuu. Nao, walipoambiwa ya kuwa kijana huyu husali sana na kwamba ni mwema, walimkubali. Akapewa upadre huko Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, naye ana miaka 29.

Mwezi wa Februari 1818 alipelekwa Ars, kijiji chenye watu 230 hivi, katika nchi ya udongo mzito na mabwawa. Alisafiri kwa miguu. Ukungu ukamfanya apotee njia, akamwuliza mchungaji mdogo, jina lake Antoine Givre, njia ya kwenda kijijini. Mtoto akamwonyesha. Padre akamshukuru, akamwahidi ya kuwa naye atamwonyesha njia ya kwenda mbinguni.

Watu wa Ars hawakuwa waovu kuliko wengine. Ila desturi ya Dominika ilikuwa imewafia katika miaka ile ya taabu. Kengele ililia, na magari ya ngano yaliendelea kupita. Kanisani walikuja wanawake wachache. Jioni kijiji kilijaa kelele za kucheza, na katika mahali padogo vile palikuwa na nyumba nne za mvinyo, ambamo baba za watoto walimaliza fedha za juma zima. Padre mgeni alitembea nyumba kwa nyumba, akiulizia mifugo na mavuno kama mkulima mwenzao, kisha akarudi kanisani kabla ya mapambazuko, akapiga magoti mbele ya tabernakulo.

Kazi iliyomtisha zaidi ilikuwa mahubiri. Kila juma alijifungia katika sakristia pamoja na vitabu vikubwa vya zamani, akinakili na kuandika kurasa nyingi. Usiku wa kuamkia Dominika alikesha, akiyasema kwa sauti ili ayashike moyoni. Lakini kichwa kilichoshindwa na Kilatini hakikumhurumia hapa. Mara nyingine, yuko mimbarini mbele ya watu wote, maneno yalimpotea kabisa, akashuka hajamaliza. Watu wengine walicheka. Dominika ya pili yake alipanda tena.

Wakulima wale walikuwa na hoja yao, nayo haikuwa ndogo. Ngano ikiiva, mvua ya siku moja yaweza kuiharibu, na ngano ikiharibika watoto wataona njaa. Padre Vianney alijua jambo hilo vizuri, kwa kuwa alikuwa amevuna kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo hakulegea. Siku moja ya Dominika alimkuta mtu shambani pamoja na gari lake. Mtu yule akajificha nyuma ya gari kwa haya. Padre akamwambia kwa upole ya kuwa anaona aibu kuonwa na paroko, hali Mungu amwona siku zote. Husimuliwa pia ya kuwa Dominika moja ya mwezi wa Julai ngano imeiva, upepo mkubwa ukavuma na mawingu meusi yakatanda. Padre aliwaambia kanisani wasiende mashambani, kwa kuwa watapata siku za jua za kutosha. Mawingu yakapita, na siku nyingi zilizofuata hazikuwa na mvua.

Juu ya ngoma na mvinyo alipigana vikali. Alipomkuta njiani mpiga zeze aliyekodiwa kwa sikukuu ya kijiji, alimwuliza atalipwa kiasi gani, akamlipa mara mbili ya hiyo, naye akarudi kwao. Katika kanisa alijenga kikanisa kidogo cha Yohane Mbatizaji, na juu yake akaandikisha maneno ya kukumbusha ya kuwa kichwa cha mtakatifu huyo kilikuwa bei ya mchezo mmoja. Katika miaka hiyo ya kwanza ukali wake ulizidi kiasi, na wengine waliondolewa kitubio bila maondoleo kwa makosa madogo. Baadaye, alipowajua watu zaidi na kusoma mafundisho ya Mtakatifu Alfonsi, alibadilika akawa mpole. Mwenyewe lakini hakujihurumia: alipika sufuria moja ya viazi, akavila baridi siku kwa siku, hata vya mwisho vimeota ukungu.

Si wote waliompenda. Walimsingizia maovu, wakauchafua mlango wa nyumba yake. Mapadre wengine wa jirani waliandika barua kwa askofu, kwamba paroko wa Ars ni mjinga asiyestahili cheo chake. Barua ile ikamfikia mwenyewe kwa bahati. Aliisoma, akatia sahihi yake chini ya majina yao, akaipeleka mbele. Askofu Devie akamchunguza, akaona ya kuwa mtu huyu ana hekima, akamwacha mahali pake.

Pole pole mwaka wa Kanisa ukawa mwaka wa kijiji. Magari yalisimama siku ya Dominika, na nyumba za mvinyo zikafungwa kwa kukosa wateja. Jioni watu walirudi kanisani kusali. Sikukuu ya Ekaristi ndiyo aliyoipenda padre kupita zote. Siku ile vijia vya Ars vilipambwa kwa maua na nguo nyeupe, altare zikasimamishwa njiani, na watoto wakaenda mbele ya Sakramenti. Alinunua mavazi mazuri ya Misa katika maduka ya Lyon, naye mwenyewe amevaa kanzu yenye viraka. Na tarehe 8 Desemba 1854, Papa Pio wa Tisa alipotangaza ya kuwa Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili, Ars iliwasha taa, na padre mzee alivaa vazi jipya ambalo wanakijiji walikuwa wamemchangia.

Mahubiri yake pia yalibadilika. Mwaka 1824 alikuwa amefungua shule ya wasichana, ambayo ikawa nyumba ya yatima, na huko alizoea kuwafundisha watoto katekisimu kila siku. Watu wazima wakaja kusikiliza, wakasimama milangoni, mpaka ikabidi mafundisho yahamishiwe kanisani. Sasa hakukariri maneno ya vitabu. Alisema juu ya ndege, samaki, moto na mkate. Alimtaja mkulima mzee aliyekuwa akiacha jembe nje ya kanisa na kuingia kukaa kimya, akimtazama Mungu, na Mungu akimtazama. Mara nyingi machozi yalimzuia kuendelea. Sauti yake ilikuwa imekwisha, na meno yametoka, hata waliokaa nyuma hawakusikia maneno yote. Lakini nao walitoka wakilia.

Habari zikaenea. Watu walikuja kutoka pande zote za Ufaransa, na katika miaka ya mwisho yakadiriwa walifika 80,000 kwa mwaka. Katika stesheni ya Lyon walikata tikiti maalum za Ars, zenye kudumu siku nane, kwa sababu iliwapasa kungoja siku nyingi zamu yao ya kuungama. Padre aliingia katika kiti cha kitubio saa saba za usiku, na katika siku za joto alikaa humo saa kumi na sita na zaidi.

Kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Mtu huyu, aliyewatuliza maelfu, mwenyewe hakutulia. Aliogopa ya kuwa elimu yake ndogo itapoteza roho za watu, akatamani kwenda mahali pa upweke kulilia dhambi zake. Mara kadhaa alijaribu kutoroka. Mara ya mwisho, usiku mmoja wa Septemba 1853, watu walipiga kengele kama kwa moto, wakaamka wote, wakamzuia njia kwa maombi na machozi. Alisimama kidogo katika giza. Kisha akarudi kanisani, akaketi tena katika kitubio.

Mwisho wa Julai 1859 joto lilikuwa kali kupita desturi. Tarehe 29 alifundisha na kuungamisha kama siku zote, akarudi nyumbani usiku, akaanguka kitandani. Hakutaka tena kutoroka. Alifariki tarehe 4 Agosti, saa nane za usiku, mwenye umri wa miaka 73, akiisha kuwa paroko wa Ars miaka 41. Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wote duniani. Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 4 Agosti.