Bwana wa Vioo Aliyekosa Mrithi

Nyumbani kwa marehemu bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na kioo cha mviringo kilichotuna katikati kama mgongo wa sahani iliyofudikizwa. Sisi watoto tulikiendea ili tuzicheke pua zetu. Bibi alikithamini kwa sababu nyingine. Chumba chake kilikuwa chembamba na chenye kiza, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba zetu za mawe, na kioo kile kiliidaka nuru ya dirishani kikaitawanya mpaka pembeni.

Ilmu ya vioo hivyo ni ya zamani. Katika karne ya 11 mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kuandika kwa kirefu namna nuru inavyorudi kutoka kwenye kioo kilicho bapa, kilichobonyea na kilichobinuka. Lakini leo, wasomaji wangu, nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeipamba nyumba nzima kwa vioo, kisha nyumba hiyo ikakosa mwana wa kuirithi. Mtu huyo ni Sir John Soane wa Uingereza.

Soane alizaliwa tarehe 10 Septemba, 1753. Baba yake alikuwa mwashi tu. Alipofika umri wa miaka 15 aliingia kazini kwa mchora ramani za majumba aitwaye George Dance, na kwa juhudi yake akapata nishani ya dhahabu mwaka 1776 na fedha za kwenda kusoma Italia. Aliporudi hakuwa na kitu, lakini mwaka 1784 alimwoa Elizabeth Smith, binti aliyelelewa na mjomba tajiri, na mwaka 1788 akapewa kazi ya kusimamia majengo ya Bank of England. Kazi hiyo aliishika miaka 45.

Mwaka 1792 alinunua nyumba nambari 12 katika uwanja wa Lincoln's Inn Fields, London. Baadaye akaongeza nambari 13 na 14. Nyumba za mtaa ule zimebanana ubavu kwa ubavu, hivyo mwanga huingia kwa mbele na kwa nyuma tu. Soane alitoboa mapaa, akaweka madirisha ya juu yenye vioo vya rangi ya manjano. Kisha, mwaka 1812, akajenga chumba cha kunywea chai ya asubuhi, na humo ndimo alimoonyesha ufundi wake.

Safari moja ilinifikisha London, nikaingia chumbani humo kwa miguu yangu. Ni kidogo, hakishindi ukumbi wa nyumba ya kawaida ya hapa kwetu. Dari yake imekaa kama kuba jepesi, na katika pembe zake nne pamepachikwa vioo vya mbinuko. Chumba hicho peke yake kina vioo zaidi ya mia moja, vikubwa kwa vidogo. Ukisimama katikati na kuinua macho, unaiona meza, dirisha, vitabu na wewe mwenyewe, vyote vimekuwa vidogo na vyote vimetimia. Hiyo ndiyo kazi ya kioo cha mbinuko: huonyesha eneo kubwa kuliko kioo bapa, na kila kitu hukipunguza. Kwa kutia wanja hakifai. Kwa kukikunjua chumba kilichobana, hakina mfano.

Zama hizo vioo vya namna hiyo, vyenye fremu ya dhahabu na mara nyingi tai juu yake, vilikuwa fahari ya matajiri wa Uingereza. Walivitundika katika vyumba vya kulia, ili mwali wa mishumaa uongezeke. Aliyebahatika kupata cha kale na akitundike mkabala wa dirisha au taa, akipanguse kwa kitambaa kikavu, wala asikikwaruze mgongo, kwa kuwa vioo vya zamani vilipakwa bati na zebaki, na zebaki ni sumu.

Sasa nije kwenye huzuni. Soane alizaa wana wanne, wawili wakafa wachanga. Waliobaki, John na George, aliwatakia kazi yake mwenyewe, naye akakusanya sanamu, vitabu na mawe ya kale wapate kujifunzia. Hawakuitaka. George alioa bila ya ridhaa ya wazee wake, akaingia madeni, na mwaka 1814 akafungwa. Mama yake ndiye aliyelipa akatoka. Septemba 1815 gazeti moja lilichapa makala zisizo na jina la mwandishi, zikiidhihaki kazi ya Soane na nyumba yake. Mwandishi alikuwa George. Mama, ambaye alikuwa mgonjwa, alitambua mkono wa mwanawe. Tarehe 22 Novemba mwaka huohuo alifariki dunia.

Soane hakusamehe. Makala zile alizitia fremu akazitundika ukutani. John naye alifariki mwaka 1823. Mzee akaendelea kununua: mwaka 1824 alitoa paundi 2,000 kwa jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, na mwaka uliofuata akaalika watu jioni tatu waje kulitazama kwa mwanga wa taa. Hatimaye alipeleka shauri lake Bungeni. Mwaka 1833 ikapitishwa sheria mahsusi kwamba akifa, nyumba na vyote vilivyomo viwe vya umma, na vibaki kama alivyoviacha. George hakupata nyumba. Soane alifariki tarehe 20 Januari, 1837, akazikwa pamoja na mkewe na John.

Sisi Waislamu tuna sheria ya mirathi: wasia hauvuki thuluthi ila warithi wakiridhia, na baba hawezi kumfuta mwanawe kwa hasira, hata hasira hiyo ikiwa na haki. Zamani nikidhani sheria hiyo inamlinda mtoto tu. Nilipotoka katika nyumba ile nikaona kwamba humlinda na baba pia.

Faida ya umma siikatai. Nyumba ile ni makumbusho, kuingia ni bure, nami nilinufaika nayo. Lakini vioo vyake vyote mia na zaidi havikuwa na mtoto wa kuvichekea. Bibi yangu alipofariki, kioo chake kilihesabiwa katika mirathi kikaangukia fungu la ami yangu, ambaye kwa miaka mingi walikuwa hawaelewani. Fremu imebanduka kidogo. Wajukuu wa ami bado hukiendea kucheka pua zao.