Daktari James McCune Smith

James McCune Smith alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1813, naye mama yake alikuwa mtumwa. Mwenyewe aliupata uhuru mwaka 1827. Alitamani sana kujifunza utabibu, lakini vyuo vya nchi yake vilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Wala hakukata tamaa. Mchungaji Peter Williams na rafiki wengine wakamsaidia kwa fedha, naye mwaka 1832 akapanda merikebu kwenda Glasgow, Uskoti. Huko akapewa shahada ya udaktari mwaka 1837. Kisha akarudi kwao, akafungua duka la dawa, akatibu weusi kwa weupe, na yatima weusi wa mji akawauguza miaka mingi. Alifariki mwaka 1865. Ndugu msomaji, aliyenyimwa chuo hakunyimwa kazi.